"Utani Tu" wa Ofisini Unapoingia Hadi Chumbani

Kama wewe na mwenzi wako hamko poa, basi ukurasa wa mwezi huu ni wenu hasa. Vuta kiti tuongee.

Alhamisi moja usiku, mwezi uliopita, simu yangu iliita saa nne na nusu. Alikuwa shosti wangu wa siku nyingi, tulisoma naye, anakaa Mbagala Rangi Tatu na mumewe na mtoto wao mmoja. Shosti huyu ni mhasibu, tena si mhasibu wa kubahatisha: kapambana na mitihani ya bodi miaka mitatu, CPA yake kaitundika ukutani sebuleni, juu ya televisheni. Ofisi yao iko Posta, ghorofa ya saba, kiyoyozi kinapuliza utadhani uko Njombe.

"Mwenzangu," akaniambia, sauti imekauka, "mimi na baba watoto leo siku ya tatu hatuongei."

Kwa jinsi barua zenu zilivyonizoesha, nikajua tayari, hapo kuna nyumba ndogo. Nikamuuliza, "Umemfuma?"

"Wala! Ni kwa ajili ya chai."

Chai?

Ndiyo, chai. Sikiliza kisa chenyewe. Jumanne ya wiki hiyo kulikuwa na kikao na wageni wazito. Taarifa ya hesabu za nusu mwaka kaiandaa yeye, kaihakiki yeye, na usiku wa kuamkia siku hiyo kalala saa nane kwa ajili yake. Akaingia kwenye chumba cha mkutano na mafaili yake mkononi. Kabla hajakaa, mgeni mmoja, mtu mzima na heshima zake, akamgeukia na kumwambia kwa upole kabisa, "Dada, mimi yangu bila sukari."

Watu wakacheka. Bosi wake, badala ya kusema "samahani mzee, huyu ndiye mhasibu wetu," akaongezea lake: "Umeona sasa, mrembo? Uzuri wako unawachanganya wageni!" Wakacheka tena. Na yeye akacheka. Hilo, anasema, ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba na yeye alicheka.

Na chai aliileta? Aliileta.

Jioni akasimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Rangi Tatu, mguu mmoja chini mwingine hewani. Akafika nyumbani, akamsimulia mumewe. Mume, jicho liko kwenye mpira, akacheka na yeye. "Sasa mama, chai tu? Si utani huo! Ungemwekea chumvi basi."

Shosti akanyanyuka, akaingia chumbani, akageukia ukutani. Hiyo ndiyo siku ya kwanza kati ya zile tatu.

Sasa nisiwe mnafiki, mpenzi msomaji. Na mimi nusura nimwambie hivyohivyo: achana nao, utani tu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, nikamuuliza swali jingine: "Hii ni mara ya kwanza?"

Kimya. Halafu akaanza kuhesabu. Tuliongea mpaka salio likaisha, nikampigia mimi, la kwangu nalo likaisha.

MCHANGA KWENYE KIATU

Hiki kitu wenzetu Marekani walikipa jina zamani. Mwaka 1970 daktari mmoja mweusi wa magonjwa ya akili, Chester Pierce wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba kinachomchosha mtu mweusi kule si matusi makubwa peke yake. Kinachomchosha zaidi ni vile vitu vidogovidogo vya kila siku: jicho, neno, mzaha, mshangao wa "kumbe unaongea vizuri hivi!" Kimoja kimoja ukikisimulia unaonekana una hasira za bure. Vikijumlishwa, mtu anaumwa. Watafiti waliokuja baadaye wakaona mambo hayohayo yanawapata wanawake, na mwanamke mweusi anayapata kotekote, kwa rangi yake na kwa jinsia yake.

Kiswahili nacho si maskini wa maneno hapa. Tuna kijembe, tuna mpasho, tuna kejeli. Lakini kijembe anayekirusha anajua anachofanya, na anayerushiwa anajua kimetoka wapi. Ninachokizungumzia leo ni tofauti kidogo. Mara nyingi anayekifanya hana habari. Pengine anadhani anakusifia! Mimi nakiita dharau ndogondogo. Ni kama mchanga kwenye kiatu: chembe moja haikuzuii kutembea, ila tembea nayo kutoka Temeke mpaka Posta halafu uniambie mguu ukoje.

Utasema, hayo ya Marekani, huku kwetu bosi mweusi, mlinzi mweusi, mhasibu mweusi, nani atamdharau nani? Subiri. Hapa kuna mambo matano ambayo shosti alinihesabia usiku ule, pamoja na yale niliyosikia kwa wadada wengine wa Kinondoni na Temeke wanaofanya kazi maofisini. Kama hujawahi kuyasikia, huenda wewe ndiye unayeyasema.

1. "Dada", "mrembo", "mamaa". Tuelewane hapa. Kwa Kiswahili chetu, dada ni neno la heshima. Konda akikuita dada, muuza mchicha akikuita dada, hujatukanwa. Lakini angalia meza ya kikao: huyu anaitwa Injinia, yule Mheshimiwa, yule Daktari, halafu mwanamke mwenye shahada mbili anaitwa mrembo. Tatizo haliko kwenye neno lenyewe, liko kwenye kwamba wewe peke yako ndiye umenyang'anywa cheo chako mezani. Na ukinyang'anywa cheo, kinachofuata ni kutumwa chai, halafu kuandika kumbukumbu za kikao, kila kikao, "kwa sababu una mwandiko mzuri."

2. Nywele. "Leo umekuja na twende kilioni kwenye kikao cha wateja?" "Hukupata muda wa kuchana?" Nywele zilizoota kichwani mwako, kama Mungu alivyozipanga, zinaitwa uchafu, na za dukani ndizo zinaitwa nadhifu. Wengi wetu somo hili tulilianza shule, tuliponyolewa vipara, kisha tukatoka tukaambiwa kuanzia leo uwe na nywele nzuri. Usidhani ni letu peke yetu. Mwaka 2016 wasichana weusi wa shule ya sekondari ya Pretoria, Afrika Kusini, waliandamana kupinga masharti ya shule juu ya nywele zao za asili. Mwaka 2019 jimbo la California likatunga sheria kabisa ya kukataza kumbagua mtu shuleni au kazini kwa sababu ya nywele kama hizo. Ukiona jambo limefika mpaka kwenye sheria, ujue halikuwa utani.

3. "Unakaa wapi?" Ukisema Mbagala, Tandika, Buza, Manzese, Tandale, unajibiwa, "Aisee, huonekani!" Eti hiyo ni sifa. Hapa nitarudi, maana pana kisa kirefu.

4. Kiingereza. Mdada anatoa hoja nzito, anateleza kwenye neno moja, watu wanaangaliana chini ya meza. Wengi wetu tulisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukatupwa kwenye Kiingereza kama mtu anayesukumwa baharini ajifunze kuogelea. Mgeni kutoka Italia au China akikivunja Kiingereza tunasema "anajitahidi." Wetu akikivunja tunasema "hajasoma." Jamani!

5. "Umefikaje hapo?" Mwanaume akipanda cheo, kapiga kazi. Mwanamke akipanda cheo, watu wanataka kujua ni nani kampandisha na walikutana wapi. Asipoolewa, "unajivuna, utazeekea ofisini." Akiolewa, "huyu sasa ataanza mambo ya uzazi." Akijifungua, kazi zake nzuri anakuta kapewa mwingine, "tulikuonea huruma, una mtoto mdogo." Huruma gani hiyo inayokula cheo cha mtu?

Ukizisoma hizi tano utaona hakuna hata moja ya kumpeleka mtu polisi. Ndiyo ubaya wake. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

KISA CHA "HUONEKANI UNAKAA MBAGALA"

Nimeahidi kurudi kwenye hili. Dharau ya mtaa haikuanza jana. Wajerumani na baada yao Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi na kwa rangi za watu. Pwani, penye upepo na miti, palikuwa Uzunguni. Katikati, penye maduka, Uhindini. Mwafrika akapewa kwake, Uswahilini, kuanzia Kariakoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakajenga nyumba za Waafrika kule Ilala, Temeke na Magomeni. Mkoloni kaondoka 1961, ila ramani yake imebaki vichwani mwetu. Mpaka leo "wa uswahilini" ni tusi kwenye midomo ya watu ambao bibi zao walizaliwa hukohuko.

Na hao wa uswahilini ni kina nani? Kwa Sensa ya 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na kati yao 1,346,674 walikuwa wa Temeke. Yaani katika kila wakazi wanne wa mji huu, mmoja ni wa Temeke! Ukimdharau mtu kwa kukaa huko umeidharau robo ya jiji.

Isitoshe, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, mtoto wa mji huu aliyekuwa anajulikana kwa uimbaji wa ngoma, alipoanza kuwaingiza wanawake kwenye TANU, hakuwatafuta Uzunguni. Aliwapata Uswahilini, kwenye vikundi vyao vya ngoma, wapika vitumbua na wauza pombe. Wengi hawakujua kusoma, lakini kadi walikata. Kwa hiyo dada, ukiulizwa unakaa wapi, sema Mbagala. Isema kama unavyotaja digrii yako.

SASA TURUDI CHUMBANI

Najua kuna kaka hapa anasema, haya yote mimi yananihusu nini, mimi sijamwagiza mtu chai. Yanakuhusu, kaka yangu, na pengine wewe kuliko bosi wake.

Mwanamke huyu kakaa na kile kichembe kutwa nzima. Kakimeza kikaoni, kakimeza kwenye lifti, kakimeza kwenye daladala. Mtu pekee duniani aliyepanga kumwonyesha ni wewe. Anapokusimulia hakuombi uende ofisini ukapigane. Anakuomba jambo moja dogo sana: useme umeona. Sasa ukimwambia "utani tu", umekaa meza moja na wale waliocheka. Kwa hesabu yake, wewe ni mtu wa tatu kucheka siku ile, na ndiye aliyemuumiza zaidi, kwa sababu wale wawili hajawazalia mtoto.

Ndiyo maana anageukia ukutani. Wewe unadhani kanuna kwa ajili ya chai. Unaanza kusema wanawake hawaeleweki, unakwenda kijiweni, unarudi saa sita. Kesho yake akiulizwa habari za kazi anajibu "nzuri", na neno hilo "nzuri" ndilo tofali la kwanza la ukuta. Nimesoma barua nyingi za ndoa kwenye ukurasa huu, na nakwambia wazi, ndoa nyingi zinakufa kwa "nzuri" kuliko kwa nyumba ndogo.

Hata hivyo nimtetee kidogo huyu shemeji yangu. Hakuwa mbaya, hakujua tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na maiti, kwa bahati, hakukawia kuonja.

Yeye ni fundi wa mitambo ya viyoyozi, mtaalamu, ana kampuni yake ndogo na vijana wanne. Siku ya tano ya ule ununaji, alikuwa na miadi kwenye jengo moja huko Masaki, kusaini mkataba. Kavaa shati lake jeupe, kashuka kwenye bajaji. Mbele yake Mzungu mmoja wa makamo, kaptula na kandambili, akapita getini akapigiwa saluti. Yeye akasimamishwa. "Unamtafuta nani? Mafundi wanapita geti la nyuma." Akaeleza. "Geti la nyuma, bwana." Na mlinzi mwenyewe ni mtu wa Temeke kama yeye!

Alipita geti la nyuma. Mkataba akasaini. Lakini alirudi nyumbani anafoka toka mlangoni: mimi nina kampuni, mimi nina leseni, mimi ni nani na yule ni nani! Mkewe akamwacha amalize. Kisha akamuuliza taratibu, akiwa anamenya vitunguu, "Sasa baba, geti tu? Si utani huo?"

Anasema mume alikaa chini. Hakusema kitu kwa dakika nzima. Halafu akasema, "Na wewe ni kila siku?"

"Si kila siku. Ila sijui siku ipi."

Hapo ndipo waliponipigia tena, safari hii wote wawili, simu imewekwa spika.

SASA TUFANYEJE?

Wenyewe waliniuliza hivyohivyo. Niliyowaambia ndiyo ninayokwambia na wewe.

Kwanza, jibu siku hiyohiyo, sentensi moja, sauti ya kawaida. Si lazima ufoke, wala si lazima ucheke. "Chai ipo pale mezani mzee, karibu. Mimi ndiye mhasibu, naanza na ukurasa wa tatu." Umemaliza. Umemheshimu mzee na umejiheshimu mwenyewe. Kama unaona haya kujitaja, kumbuka Machi 2021 kule Dodoma, kwenye kumuaga Hayati Rais Magufuli. Rais Samia Suluhu Hassan, siku chache baada ya kuapishwa, ilimbidi awaambie wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ndiye Rais, na ana maumbile ya mwanamke. Kama Amiri Jeshi Mkuu kajitaja hadharani, wewe nani uone haya kujitaja kwenye kikao cha watu wanane?

Pili, omba ufafanuzi. "Samahani, sijaelewa, una maana gani?" Utani unaolazimika kuelezwa unafia mdomoni. Mwache aeleze kwa nini nywele zako zinachekesha. Mwangalie tu.

Tatu, tafuteni mashahidi. Hii ni dawa nzuri kuliko zote. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walikuwa na utaratibu wao: mmoja akitoa wazo, mwingine analirudia na kutaja jina la aliyelitoa, ili mwanaume asije kulitoa tena baada ya dakika kumi akapigiwa makofi. Hili halihitaji bajeti. Kubaliana na mwenzako mmoja tu ofisini: "Mimi nikikatizwa, sema 'mwacheni amalize'. Na wewe ukikatizwa, nitasema mimi." Na kaka zangu mlioko kwenye hizo meza, siku mgeni atakapomwagiza chai mhasibu, wewe simama uilete. Hutapungua.

Nne, andika. Daftari dogo, tarehe, nani, alisema nini, nani alikuwepo. Si kwa ajili ya kisasi. Ni kwa sababu kichwa kinasahau tarehe lakini hakisahau maumivu, na siku ukiulizwa lini na wapi utaanza kugugumia.

Tano, kwa waume na wachumba. Akisimulia, zima televisheni. Kabla hujashauri, muuliza, "Unataka nikusikilize au nikushauri?" Mara nyingi ni la kwanza. Na usimtume kupigana vita vyako: "Kesho nenda kamwambie hivi!" Yeye ndiye anayejua ada ya shule inalipwa na mshahara upi. Kazi ni yake, kasi aichague yeye.

UKIFIKA MPAKA KWENYE SHERIA

Kuna wakati dharau ndogo inakuwa kubwa: unanyimwa cheo kwa sababu una mimba, unatukanwa kila siku, unatishwa. Hapo usikae na shosti mkilia tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi mingi, ikiwemo rangi, kabila au mahali anapotoka, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, dini na ulemavu. Inasema pia kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi. Na kuna jambo zuri wengi hawalijui: ukishaonyesha kwa mara ya kwanza kwamba yapo mazingira ya ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Unaona sasa umuhimu wa lile daftari?

Sheria hiyohiyo inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 ukijaliwa mapacha, na ukirudi kazini, muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Si hisani ya bosi. Ni haki yako.

Anza ndani: msimamizi wako, ofisi ya utumishi, chama cha wafanyakazi kama mnacho. Ikishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaijua kwa jina la CMA. Angalia kalenda lakini: kesi ya kuachishwa kazi inapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukilia miezi sita kwanza, utakuta mlango umefungwa.

Ila niseme ukweli, "dada mimi yangu bila sukari" haitafika CMA. Itaishia kwenye kikao, au chumbani. Ndiyo maana nimetumia wino mwingi zaidi huko.

NA MIMI NIKIRI

Kabla sijafunga, niungame. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja kuhoji mtu. Pale mapokezi nikamkuta msichana mdogo, mwembamba, kasuka nywele zake mwenyewe, kajitanda mtandio. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu niletee maji." Akaniletea. Nusu saa baadaye tukaingia chumba cha mkutano, na huyo mdogo wangu akakaa kwenye kiti cha mbele. Ndiye niliyekuja kumhoji!

Mimi, mwanamke, mweusi, mtoto wa Mwananyamala, nilimtazama mwanamke mwenzangu nikaona mleta maji. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema "usijali dada, nimezoea." Nimezoea! Neno hilo sijalisahau mpaka leo. Na jioni ile nilipofika nyumbani nilijiuliza yule binti anayenisaidia kazi, ambaye naye tunamwita "dada" kila saa, huwa namwambia tafadhali mara ngapi? Basi kila mmoja aanzie kwake.

Mtauliza shosti yuko wapi. Yupo, kazini kwake, ghorofa ya saba. Bosi bado anamwita mrembo, sitaki kuwadanganya. Amemwambia mara mbili, mara ya pili akiwa na mwenzake, na bosi kakasirika, akasema siku hizi watu hawataniwi. Daftari lina kurasa nne. Hajaamua kama atalipeleka utumishi, maana mkataba wake unahuishwa Desemba na mtoto anaanza shule Januari. Sina ubavu wa kumhukumu.

Lakini wiki iliyopita alinitumia ujumbe mfupi. Alikuwa amefika nyumbani, mpira uko kwenye televisheni, timu ya mume inacheza. Mume akamwangalia usoni, akachukua rimoti, akazima. Akamwambia, "Haya. Leo walisemaje?"

Kwa leo niishie hapa. Na wewe, mpenzi msomaji, usiku wa leo mwenzio akisema siku yake ilikuwa "nzuri", muulize tena mara ya pili. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.